Imla Mbili Katika Daftari Moja

Jumatatu mtoto anarudi na orodha ya maneno kumi, Ijumaa anaandikishwa imla. Nyumba nyingi hujiandaa kwa namna moja: Alhamisi jioni mzazi anaamuru kila neno liandikwe mara ishirini. Mwangalie mtoto aliyepewa kazi hiyo. Anashuka na ukurasa kwa herufi: anaanza na safu ya b, pembeni yake anashusha safu ya e, kisha ya c. Ukurasa unajaa, na neno “because” halijapita kichwani mwake hata mara moja.

Huo si uvivu. Kunakili hakumdai akumbuke, maana jibu liko mbele ya macho yake muda wote. Imla inamtaka alikumbuke neno ambalo halioni. Basi nyumbani azoee hilo hilo: alitazame neno, alitamke, alifunike kwa kiganja, aliandike, ndipo afunue na kulinganisha. Mara mbili au tatu za namna hii zina faida kuliko ukurasa mzima wa kunakili.

Na zitawanywe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni kisha hupungua kasi, na kwamba marudio ya siku kadhaa hudumu kuliko marudio ya mkupuo mmoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha jambo linalowagusa wazazi wa Alhamisi. Wanafunzi waliosoma matini tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walizidiwa na waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama. Ndiyo maana mtoto hupata kumi kwa kumi Ijumaa, halafu wiki inayofuata akalikosea neno lile lile kwenye insha. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Wala daftari jipya halihitajiki: kuna chaki na sakafu, kijiti na mchanga wa uani, au nyuma ya karatasi ya mtihani uliopita.

Lakini ninachotamani sana wazazi wakitambue ni kwamba imla ya Kiswahili na imla ya Kiingereza ni kazi mbili tofauti, ingawa zinaandikwa kwa kalamu moja.

Katika Kiswahili, sauti huongoza mkono. Mtoto aliyezijua silabi zake, kuanzia ba be bi bo bu hadi nywa na ng'o, anaweza kuandika hata neno asilolijua maana. Kwa hiyo makosa yake mengi huanzia kwenye sikio na ulimi. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi r na l. Mtoto anayekua na mojawapo ataandika “kura” akikusudia kula, na “mahari” akikusudia mahali. Tahajia yetu ilisanifiwa kuanzia mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa msingi wa Kiunguja, na ndani yake zimo dh, th na gh, ambazo watu wengi wa bara huzitamka z, s na g. Mtoto atasikiaje tofauti ya dhana na zana, au thamani na samani, ikiwa anayemsomea naye haitoi? Hapo atamkiwe maneno hayo kwa jozi, ncha ya ulimi ikionekana kati ya meno, naye aseme kwanza ndipo aandike. Mzazi asiye na sauti hizo asione haya. Amwambie mtoto waziwazi kwamba haya ni ya kukariri, wayaweke pamoja ukurasa mmoja: dhahabu, dhambi, dhamana, dhoruba.

Kosa jingine la Kiswahili ni la kukata maneno mahali pasipo pake, na hili sisi watu wazima tunalieneza kwa ujumbe wa simu: “nimesha fika”, “sita kuja”. Mtoto anayetuona hivyo ataamini ndivyo. Dawa yake ni kuligeuza neno kwa sauti: nitasoma, utasoma, tutasoma, sitasoma. Baada ya kulizungusha mara kadhaa anaona mwenyewe kwamba vipande vile vya mbele havisimami peke yake.

Kiingereza kina mambo mengine. K ya “knife” ilitamkwa zamani. Ulimi uliiacha, maandishi yakabaki nayo. D ya “Wednesday” imesalia kutoka jina la mungu Woden. Sasa mtoto wetu anapoandika “bikozi” au “naifu”, hajakosea kufikiri: ametumia kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa kwenye somo la Kiswahili, na kumwita mzembe ni kumwadhibu kwa kile alichokishika. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba huku jicho lina kazi kubwa kuliko sikio. Kuna ujanja mzuri ambao wanafunzi wengi huugundua wenyewe, nao ni kulisoma neno la Kiingereza kana kwamba ni la Kiswahili: wed-nes-da-y, be-ca-u-se. Matamshi hayo ni ya kuandikia tu, na watoto hutenganisha mambo hayo mawili bila shida.

Akikosea, usifute neno zima. Aliyeandika “becose” amepatia mwanzo na mwisho. Amepotea katikati tu. Mwache atafute mwenyewe mahali alipopotea, apazungushie duara, kisha alifunike na kuliandika upya.

Mama au bibi asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia yote haya. Mtoto ndiye atakayetamka, atakayefunika na kuandika. Yeye alinganishe herufi kwa herufi na orodha ya mwalimu, kazi ambayo haidai lugha. Na maneno yaliyokosewa Ijumaa yaongezwe kwenye mazoezi ya wiki inayofuata, mawili au matatu tu, hata kama mwalimu ameshaendelea na orodha nyingine.