Kujulikana: Maisha ya Mji Mdogo wa Pangani

Msafiri atokaye Tanga kwenda kusini kwa njia ya pwani, akishapita Kigombe na mashamba ya minazi na mkonge yanayomwandama upande huu na huu, hufika mahali ambapo nchi hukatika na mto ukaanza. Na hapo, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto umwagao katika Bahari ya Hindi maji yaliyoanza safari yake katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ndipo ulipo mji wa Pangani. Msafiri huyo akiwa mgeni, kabla hajashusha mzigo wake watu watano watakuwa wamekwisha kujua anafikia nyumba ya nani. Na akiwa mwenyeji aliyerejea, watajua pia kama amekonda au amenawiri, kama amekuja na mkewe au peke yake, na kama mfuko wake ni mzito au mwepesi.

Jambo hilo moja, la mtu kujulikana, ndilo nitakalo kulieleza, kwa kuwa nilizaliwa katika mji huo, nikaishi Dar es Salaam miaka 18, kisha nikarudi. Na kila niliposikia watu wakihesabu faida na hasara za miji midogo, wakitaja hewa safi na kitoweo rahisi upande mmoja, na uhaba wa kazi na matabibu upande wa pili, niliona kuwa hesabu yao, ijapokuwa ni ya kweli, imeyaacha nje makubwa zaidi. Katika mji mdogo fadhila na adha hazitoki katika milango miwili. Aghalabu hutoka katika mlango mmoja, nao ni huo wa kujulikana.

Pangani haikuwa ndogo siku zote, wala mji hauwi mdogo kwa tabia yake, bali kwa sababu. Misafara ya pembe za ndovu ilishukia hapa kutoka bara, wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, na Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, alinyongwa hapahapa Pangani mwezi wa Disemba mwaka 1889. Walakini mlango wa mto una fungu la mchanga lisilopatana na meli kubwa za moshi, na Wajerumani walipotaka kujenga reli ya kwenda milimani, mwaka 1893 waliianzia Tanga, penye ghuba yenye kina. Na tangu siku hiyo biashara ikahama polepole, kama maji yanayokupwa. Mwaka huohuo wa 1893 miche ya kwanza ya mkonge, iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, na zao hilo likaulisha mkoa mzima kwa muda wa miaka sabini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hazikubaki ila kama tani 20,000. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 54,025 katika wilaya nzima ya Pangani, ilhali mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu 4,364,541.

Basi na niseme kwanza juu ya mauti, maana hapo ndipo mji mdogo unapoonyesha uso wake mzuri kuliko yote.

Mama yangu alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati wa masika, mvua ikinyesha. Sikumpigia mtu simu, kwa kuwa akili ilikuwa imenipotea. Lakini kilio cha dada yangu kilipovuka ua wa kwanza, hakikuhitaji kupelekwa zaidi. Kabla ya adhana ya alfajiri sanda ilikuwa imekwisha nunuliwa, vijana wamekwenda na majembe makaburini, wanawake wamefika na unga, nazi na kuni kavu zilizotolewa chini ya vitanda vyao wenyewe, na mzee mmoja ambaye kwa muda wa mwaka mzima hakuwa akisemezana nami kwa ajili ya mpaka wa shamba alikuwa ameketi barazani kwetu na tasbihi yake, kana kwamba hakuna lililopata kutokea baina yetu. Mpaka hivi leo sijui ni nani aliyelipa sanda ile. Nimeuliza mara tatu, na mara tatu nimejibiwa kwamba hayo si maswali ya mfiwa.

Huko Dar es Salaam nilipanga chumba katika nyumba ya wapangaji wanne, nikalipa kodi ya miezi sita mbele kama ilivyo desturi, na kwa muda wa miaka miwili mpangaji wa chumba cha pili nilimjua kwa mlio wa kufuli lake tu: alifunga alfajiri akifukuzana na daladala, akafungua usiku baada ya foleni. Silaumu. Hakuwa mtu mbaya, na yamkini naye alinijua mimi kwa kikohozi changu. Lakini mtu aliyekwisha kuosha uso wake kwa machozi mbele ya mji mzima, mji ukamfuta, hawezi tena kudhani kwamba jirani ni mtu wa ziada katika maisha.

Katika mambo mengine ya starehe sitakawia, kwa kuwa yanajulikana: samaki hununuliwa ngalawani angali akiruka, kila uendako huenda kwa miguu, na mtoto akichelewa kurudi chuoni mama yake hana haja ya kuingiwa na hofu, kwani njia nzima imejaa watu wamjuao kwa jina lake na la babu yake, nao wana idhini ya kumkanya kama mwana wao.

Sasa niugeuze upande wa pili, na niuanzie dukani. Jamaa yangu mmoja alifungua duka la rejareja karibu na soko, kwa mtaji aliouweka kwa miaka mingi ya kibarua. Alikuwa mwaminifu, mpole, na mwenye kuijua hesabu. Na hizo sifa zake mbili za kwanza ndizo zilizomwangusha. Kwani wateja wake walikuwa ni akina nani, kama si shangazi zake, wajomba zake, watani wa baba yake na wanafunzi aliosoma nao? Akija shangazi kutaka kilo mbili za mchele mpaka mwisho wa mwezi, atamwambiaje hapana, ilhali mkono uleule unaopokea mchele ndio uliomnywesha uji utotoni? Akaandika katika daftari. Akija mvuvi ambaye pepo zimemgomea, akaandika. Kudai alikuona ni utovu wa adabu, na kweli, kwa desturi zetu, kumdai mtu mzima mbele za watu ni kumvua nguo. Kwa hiyo mwaka wa pili daftari lilikuwa limejaa na rafu zilikuwa tupu. Duka lililobaki wazi mtaani ni la mtu aliyetoka mbali, asiye na shangazi hata mmoja pale. Watu husema ana roho ngumu. Mimi nadhani ana nafuu ya kutojulikana, na kwa nafuu hiyo anaweza kuuza chumvi kwa bei ya chumvi. Haya ndiyo wasiyoyataja wale wanaowashauri vijana warudi makwao kufanya biashara: kwamba soko dogo si dogo kwa uchache wa wanunuzi tu, bali pia kwa sababu kila mnunuzi ana haki juu ya muuzaji. Nami sithubutu kuwaita wale wadeni watu wabaya, maana ndio haohao waliokuja na majembe usiku wa mama yangu.

Zito zaidi ni jambo la siri. Mwanadamu huhitaji pahali pa kuweka kosa lake mpaka lipoe, na mji mdogo hauna pahali hapo. Kijana aliyeiba kuku akiwa na miaka kumi na mitano huitwa mwizi wa kuku akiwa na wajukuu. Mwanamke aliyeachwa mara mbili husomewa talaka zake kila anapopita kisimani, hata kama mume wa kwanza alikuwa mlevi na wa pili mpigaji, na kila anayekuja kumposa huambiwa habari hizo kabla hajafika mlangoni. Tena siku hizi simu za mkononi zimeupa umbea mabawa; neno ambalo zamani lilihitaji asubuhi nzima kutoka mtaa mmoja hadi wa pili, sasa hufika kabla msemaji hajafunga kinywa. Na lililo baya kupita yote ni hili: mgonjwa wa maradhi ambayo watu huyaonea haya huogopa kuchukua dawa katika zahanati iliyo hatua mia kutoka kwake, si kwa kuwa dawa haipo, bali kwa kuwa kwenye benchi la kungojea ameketi wifi yake, basi hupanda gari mpaka Tanga, akatoa nauli ambayo ingemlisha siku mbili, ili apokee katika dirisha la watu wasiomjua kitu kilekile kilichokuwa bure jirani yake. Watu wamekufa kwa ajili ya haya hiyo. Nalisema bila kupunguza, kwa sababu sisi tunaousifu ujirani wetu tunapaswa kujua kwamba ujirani huohuo umewahi kuwa ukuta baina ya mtu na uhai wake.

Hasara zilizobaki ni za umbali. Mzazi aliyeshindwa kujifungua usiku hupelekwa Hospitali ya Bombo, Tanga, na wakati wa mvua kubwa njia hiyo huwa ndefu kuliko kilomita zake. Mtoto hodari akifaulu huenda kusoma mbali, na aghalabu harudi ila kwa likizo na maziko. Hata mto wenyewe hauna utii kwetu: maji yake hushikwa juu, katika bwawa la Nyumba ya Mungu na katika mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, hutumika pia katika mashamba mengi ya kumwagilia, na yale yanayotufikia yamepungua nguvu, hata maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuua mazao ya kando. Wakulima wa mlangoni mwa mto hula chumvi ya mashauri ambayo hawakuitwa kuyasikiliza.

Liko shtaka moja ambalo silikubali, nalo ni kwamba mji mdogo huudumaza moyo wa mtu mwenye akili. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha hapa Pangani. Alipima bidhaa, aliandika hati, aliishi kati ya watu hawahawa wa baraza na bao, na hapakuwa na chuo kikuu wala maktaba ya kumshughulisha. Lakini lugha aliyokuwa akiinoa ilikuwa midomoni mwa wavuvi na bibi wa mtaani, nao walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuwamaliza. Ni kweli kwamba kupiga chapa vitabu vyake kulimgharimu taabu nyingi, na mitambo ya kuvichapa haikuwako hapa. Mji mdogo unaweza kumpa mtu cha kusema na muda wa kukitafakari, ila masikio mengi ya kumsikiliza huwa ng'ambo, na hana budi kuvuka.

Juu ya kuvuka, mambo yanabadilika. Kwa vizazi vingi njia ya kwenda Bweni, upande wa kusini, imekuwa ni mtumbwi, na baadaye kivuko, na mtu aliyechelewa safari ya mwisho alilala upande aliokuwapo. Lakini sasa daraja la mita 525 limo katika mpango wa barabara ya pwani itakayoiunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia hapa na Saadani, na ujenzi wake umeanza. Wapo wanaongojea wageni na fedha, na wapo wanaoogopa wageni na fedha. Mimi nataka daraja, kwa ajili ya wazazi wa usiku na kwa ajili ya minazi inayooza kwa kukosa mnunuzi. Nami najua kwamba magari yanayopita bila kusimama hayatamjua mtu.

Jioni moja, mwezi uliopita, nilikuwa kivukoni nikielekea Bweni. Akapanda mama mmoja aliyetoka Tanga, ana kifurushi kidogo amekifunga katika pembe ya kanga yake na kukishika kwa mkono wa ndani. Watu wote wakamwamkia kwa jina, wakamwuliza habari za safari, naye akasema alikwenda kumtazama binti wa ndugu yake. Wakamwuliza hali ya binti huyo, akasema hajambo. Miongoni mwetu walikuwamo waliojua kuwa ndugu yake hana binti. Mmoja wao, mwanamke mtu mzima, akasogea kwenye ubao akampa nafasi ya kukaa, akamwambia, "Tena mpe salamu zangu, dada, ukienda tena."