Risasi za Bunduki Kubwa: Namna ya Kuchagua Zilizo Njema kwa Ulinzi wa Mashamba

Mkulima akaaye kando ya pori la Kilombero au Rufiji ajua ya kuwa kazi yake haiishi kwa palizi. Mpunga uanzapo kuiva hana budi kupanda dunguni na kukesha, kwa maana tembo, viboko na nyati nao wangojea mavuno yale yale. Moto, ngoma na kelele za makopo huwafukuza wengi. Lakini mara kwa mara hutokea mnyama asiyefukuzika, na hapo huitwa askari wa wanyamapori aje na bunduki kubwa. Watu wote huitazama bunduki; wachache mno huuliza habari za risasi zake. Karatasi hii yaeleza kwa nini yafaa kuuliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja nikifundisha kupanda mpunga kwa mistari. Nyati dume, mzee, alikuwa akilala katika matete karibu na mto, na usiku akiharibu majaruba. Askari aliyeitwa alikuwa mtu hodari mwenye shabaha, na bunduki yake ilikuwa njema. Lakini risasi zake nne alipewa mkononi, bila sanduku lake, nazo zilikuwa zimewekwa miaka mingi chini ya paa la bati. Alipopiga, mlio ulikuwa hafifu. Nyati akapiga magoti, akainuka, akaingia matete na jeraha lake. Kwa siku nane hakuna mwanamke aliyethubutu kuteka maji mtoni, na madungu yakawa matupu, ndege wakala mpunga. Siku ya tisa askari mwingine alimmaliza. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Bali majaruba sita hayakuvunwa. Tangu hapo niliwauliza watu wa kazi hiyo mambo mengi, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. SOMA JINA LOTE

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Jina lake limechorwa kitakoni mwa ganda, na jina la risasi ifaayo bunduki limechorwa juu ya mtutu. Majina hayo mawili yapasa kulingana neno kwa neno, wala si tarakimu peke yake. Mathalani, .416 Rigby ya mwaka 1911 na .416 Remington Magnum ya mwaka 1988 zina vichwa vya unene mmoja, lakini maganda yake ni mbalimbali. Vivyo hivyo .375 Holland & Holland Magnum ya mwaka 1912 si sawa na .375 Ruger ya mwaka 2007. Mtu asemaye dukani, “Nipe risasi za .375,” hajamaliza kusema.

Sanduku huonyesha pia uzito wa kichwa kwa kipimo kiitwacho greni, ambacho asili yake ni uzito wa punje ya nafaka. Greni 7000 ni ratili moja. Kwa wanyama wakubwa kichwa cha .375 Holland & Holland huwa greni 300, yaani gramu 19 na kitu; cha .404 Jeffery, bunduki iliyobebwa na askari wengi wa wanyama katika Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, greni 400, karibu gramu 26, na cha.458 Winchester Magnum greni 500, zaidi kidogo ya gramu 32.

Lakini usidhani kwamba kilicho kikubwa zaidi ndicho bora sikuzote. Bunduki nzito hupiga bega kwa nguvu, na mpigaji aiogopaye hufumba macho kabla ya kuvuta. Risasi ya .375 iliyofika mahali pake ni bora kuliko ya .458 iliyopiga tumbo.

2. KICHWA KIGUMU NA KICHWA LAINI

Kichwa laini kina risasi tupu nchani. Kikimpiga mnyama hupanuka kama uyoga, kikafanya jeraha pana, lakini hakiendi mbali ndani. Hicho ndicho kimfaacho simba na chui. Kichwa kigumu kimefunikwa chote kwa madini magumu, au chote ni shaba; hakipanuki, bali hupenya kwa kina. Hicho ndicho cha tembo na kiboko, kwa sababu ubongo wa tembo umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vyumba vyumba, na kichwa laini huweza kuvunjika kabla ya kuufikia. Kwa nyati, wawindaji wengi huweka laini iwe ya kwanza na ngumu zifuate nyuma, kwa kuwa akikimbia yahitajiwa risasi ipitayo mwili wake kutoka nyuma.

Tena kumbuka hatari ya kichwa kigumu: huweza kupita katika nyati na kumpiga aliye nyuma yake, awe nyati wa pili au mtu. Kwa hiyo watu wote na waondoke upande ule kabla ya kupiga.

3. KIWANDA SI HIRIZI

Risasi za kiwandani hutengenezwa kwa kipimo kimoja, nazo kwa kawaida ni za kutumainiwa kuliko zilizojazwa nyumbani na mtu asiye fundi. Hata hivyo kiwanda nacho huweza kukosa. Risasi ya .458 Winchester Magnum ilitoka mwaka 1956. Ganda lake ni fupi, na baruti nyingi ilishindiliwa humo. Baadhi ya risasi hizo zilipokaa muda mrefu, baruti iligandamana, haikuungua sawasawa, na mwendo wa kichwa ukapungua. Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, naye baadaye, mwaka 1971, akatoa .458 Lott yenye ganda refu zaidi. Baruti za siku hizi ni bora, lakini fundisho limebaki.

Wewe mkulima hupandi mbegu ya duka kwa kuamini mfuko wake tu. Wahesabu punje, wazilaza katika kitambaa chenye maji, kisha watazama ngapi zimeota. Risasi nazo zijaribiwe vivyo hivyo.

4. MAMBO YA KUANGALIA

(a) Risasi zitoke katika sanduku lake, na masanduku yote yawe na nambari moja ya fungu la kiwanda.

(b) Ganda liwe safi, bila ufa wala kutu ya kijani. Fataki isitokeze nje ya kitako. Kichwa kisicheze kwenye ganda.

(c) Mwenye bunduki apige tatu za kila namna, kwa hatua 50, mahali palipo na kilima nyuma. Laini na ngumu zikiangukia mbali mbali, atafute za namna nyingine.

(d) Bunduki ya mitutu miwili hulinganishwa kiwandani kwa risasi ya uzito na mwendo fulani. Ikipewa nyingine, mitutu huweza kutawanya shabaha.

(e) Zihifadhiwe pakavu penye kivuli, zimefungiwa. Jua kali huongeza nguvu ya mlipuko, na hapo zamani risasi za kordaiti zilizopata joto zilifanya maganda kukwama mtutuni.

(f) Risasi isiyojulikana umri wala asili yake isipelekwe mbele ya mnyama. Irudishwe kwa wenye mamlaka.

5. SHERIA

Haya hayampi mtu ruhusa ya kupiga mnyama. Katika Tanzania silaha na risasi hutawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na wanyama na sheria ya mwaka 2009. Kenya ilikomesha uwindaji mwaka 1977. Kazi ya mkulima ni kutoa habari mapema, kuonyesha nyayo, na kuwazuia watoto nyumbani.

Lakini askari akifika, si utovu wa adabu kumwambia, “Bwana, karibu. Je, risasi zako umezijaribu?” Askari mwema hataudhika. Yule wa kijiji kile sasa hujaribu risasi zake kila mwaka kabla mpunga haujachanua, na wazee huenda kutazama. Risasi chache zikitoboa ubao ni hasara ndogo. Ile isiyojaribiwa, ikishindwa, hulipwa na mwanamke aendaye mtoni alfajiri na mtungi kichwani.