Jaji Anamtegemea Nani? Miaka Mia Mbili ya Mahakama za Missouri

Kila mjadala wa uhuru wa mahakama unapozuka, watu hugawanyika kambi mbili: wanaotaka majaji wateuliwe na serikali na wanaotaka wapigiwe kura na wananchi. Jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, limejaribu njia zote mbili, kisha likabuni ya tatu ambayo majimbo mengi yameiiga. Ukiifuatilia historia yake kwa makini unaona kwamba mgawanyiko huo unagusa jambo la pili tu. La kwanza ni hili: hukumu ikishasomwa, nani atanufaika nayo, na je, huyo anayenufaika anaweza kumnyang'anya jaji kazi yake? Pale ambapo mwenye faida ndiye pia mwenye kumshikia jaji riziki, haki inakuwa mashakani, hata jaji mwenyewe awe msomi na mcha Mungu kiasi gani.

Missouri ilikubaliwa kuwa jimbo mwaka 1821, na utumwa ukaruhusiwa humo. Chini ya katiba yake ya kwanza, gavana aliwateua majaji kwa idhini ya Seneti ya jimbo, nao wakabaki kazini hadi miaka 65 mradi mwenendo wao uwe mwema. Mahakama hiyo ya nchi ya watumwa ilitoa hukumu ambazo hata leo zinashangaza. Mwaka 1824, katika kesi ya mwanamke aitwaye Winny, Mahakama ya Juu ya Missouri ilisema kwamba mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kuishi mahali ambapo utumwa umepigwa marufuku amekuwa huru, na kurudishwa Missouri hakumrejeshi utumwani. Mwaka 1836 mwanamke mwingine, Rachel, alishinda kesi ya namna hiyo hiyo. Bwana wake alikuwa ofisa wa jeshi, akajitetea kwamba alikwenda huko kwa amri ya wakubwa wake. Majaji wakamjibu kwamba jeshi lilimwamuru kwenda, lakini halikumwamuru kwenda na mtumwa.

Kwa hiyo Dred Scott na mkewe Harriet walipofungua kesi ya kudai uhuru wao mjini St. Louis, mwezi Aprili 1846, hawakuwa wakibahatisha. Scott alikuwa ameishi na bwana wake, daktari wa jeshi, katika jimbo la Illinois, kisha katika ngome ya Fort Snelling huko kaskazini, kote ambako utumwa haukuruhusiwa. Kesi yake ilifanana na ya Rachel kama shilingi kwa ya pili. Mwaka 1850 raia walioketi kuamua kesi hiyo walimpa ushindi. Mjane wa daktari akakata rufaa, na rufaa ilipokuwa ikisubiri, jambo moja lilibadilika: katiba ilirekebishwa, na mwaka 1851 majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo wakachaguliwa kwa kura kwa mara ya kwanza. Ugomvi wa utumwa ulikuwa umepamba moto nchi nzima, na waliopiga kura walikuwa wanaume weupe. Machi 1852, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, mahakama ikamrudisha Scott utumwani. Jaji William Scott, aliyeiandika hukumu hiyo, hakudai kwamba kesi za zamani zilikosewa kisheria. Alisema waziwazi kwamba nyakati zimebadilika na kwamba majimbo mengine yamejaa chuki dhidi ya utumwa. Hizo ni hoja za jukwaa la siasa, na zilipata nafasi katika hukumu kwa sababu kiti cha jaji kilikuwa kimeshakuwa cha jukwaani.

Kuna pingamizi mbili nzito hapa. Ya kwanza ni kwamba Jaji Hamilton Gamble, aliyepinga hukumu hiyo, naye alichaguliwa kwa kura mwaka ule ule, na yeye pia alimiliki watumwa. Ni kweli, na aliandika kwamba sheria haibadiliki kwa sababu hisia za watu zimebadilika. Ujasiri wa mtu mmoja una thamani kubwa, lakini mahakama inayosubiri mashujaa itasubiri sana. Kura yake moja haikumsaidia Scott. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1857, majaji waliokuwa wameteuliwa kwa maisha yao yote walitoa uamuzi mbaya kuliko wa Missouri, wakatamka kwamba mtu mweusi mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Hawakuwa na mpigakura wa kumwogopa. Hilo linaonyesha mpaka wa hoja yangu: kumtenga jaji na wenye maslahi hakumpi dhamiri. Kunamwondolea sababu moja ya kuikana dhamiri aliyonayo, basi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia kwisha, wanasiasa wa upande uliokuwa ukishinda walipitisha amri ya kuwafuta kazi majaji na maofisa wengi wa jimbo kwa mpigo. Majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya jimbo walikataa kuondoka, na mwezi Juni 1865 wakatolewa kwa nguvu mahakamani St. Louis. Walioamuru hivyo walikuwa upande wa kukomesha utumwa, lengo ambalo ni la haki kabisa. Hata hivyo kila mtu aliona kwamba jaji wa Missouri anaweza kung'olewa kitini na yeyote anayetawala wakati huo.

Kufikia miaka ya 1930, aliyetawala mji wa Kansas City, humo humo Missouri, hakuwa na cheo cha serikali. Tom Pendergast alikuwa kigogo wa chama cha Democratic mjini humo. Aliajiri, alifukuza, na watu wake walijaza masanduku kwa kura za marehemu. Baada ya uchaguzi wa 1936 zaidi ya watu 250 walipatikana na hatia ya wizi wa kura. Majaji walisimama katika kura za vyama kama mbunge au diwani yeyote, kwa hiyo kigogo aliyeamua nani ateuliwe na chama aliamua pia nani aketi mahakamani. Mwaka 1938 Pendergast alisimamisha mgombea wake ili kumng'oa Jaji James Douglas wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Gavana Lloyd Stark akamuunga mkono Douglas, naye akashinda. Mwaka uliofuata Pendergast alikiri kukwepa kodi ya fedha nyingi alizohongwa na kampuni za bima ili mzozo wao wa viwango vya malipo umalizwe kwa faida yao, akafungwa. Mtu anayekula rushwa ya namna hiyo anajua vizuri kwa nini anataka majaji wake mwenyewe.

Mwaka 1940 wananchi wa Missouri, kwa kura ya maoni waliyoianzisha wenyewe kwa saini, walibadilisha utaratibu. Nafasi ikiwa wazi katika Mahakama ya Juu ya jimbo, tume ya watu saba huwapima waombaji: mawakili watatu waliochaguliwa na mawakili wenzao, raia watatu wasio mawakili walioteuliwa na gavana, na jaji mmoja. Tume hupeleka kwa gavana majina matatu, naye lazima achague mmoja ndani ya siku 60. Akishindwa, tume inamteua yenyewe. Jaji akishafanya kazi angalau mwaka mmoja, jina lake hupelekwa kwa wananchi bila mpinzani na bila chama, nao huulizwa tu kama abaki au aondoke. Ukiitazama mashine hii kwa karibu, utaona hakuna mtu ndani yake mwenye funguo mbili. Wakili anapendekeza lakini kwa kawaida hateui, gavana anateua lakini hafukuzi, na mwananchi anafukuza lakini hajui nani atafuata. Wanasiasa walijaribu kuufuta mpango huo kwa kura ya mwaka 1942, wakashindwa. Walipojaribu tena kumpa gavana nguvu zaidi, mwaka 2012, takriban robo tatu ya wapigakura walikataa.

Wapo wanaosema mpango huu umewapa mawakili mahakama, na kwamba kura ya kubaki au kuondoka ni ya kupamba tu, maana hakuna jaji wa Mahakama ya Juu ya Missouri aliyewahi kukataliwa nayo. Kuhusu mawakili, naona hofu ya wakosoaji hao ina msingi, ila mawakili ni watatu kati ya saba na kwa kawaida kazi yao inaishia kwenye orodha ya majina. Kuhusu kura, kumbuka mwaka ule ule wa 1942 wananchi wa wilaya ya Jackson walimwondoa jaji mmoja wa mahakama ya chini. Kura kama hiyo hufanya kazi ya breki, na dereva hapigi breki kila kona.

Lawama ninayoiona nzito ni nyingine. Mpango wa 1940 haukufika chini. Wilaya nyingi za Missouri bado huchagua majaji wao kwa tiketi za vyama, na mahakama za manispaa, zile za faini za barabarani, ziliachwa kabisa. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015 kuhusu Ferguson, mji mdogo jirani na St. Louis, ilionyesha matokeo yake. Hakimu aliteuliwa na baraza la mji, na makarani wake walisimamiwa na mkurugenzi wa fedha. Mji ulikadiria kukusanya dola milioni 3.09 za faini na ada kati ya mapato yaliyotarajiwa ya dola milioni 13.26. Watu zaidi ya 16,000 walikuwa na hati za kukamatwa, katika mji wenye wakazi wapatao 21,000 tu. Mwanamke mmoja mweusi aliandikiwa kosa la kuegesha gari vibaya mwaka 2007, faini dola 151 pamoja na ada. Alipopeleka dola 25, kisha 50, mahakama ilizikataa kwa sababu hazikutimia. Alikamatwa mara mbili, akalala mahabusu siku sita, akalipa jumla ya dola 550, na miaka saba baadaye bado alikuwa akidaiwa dola 541.

Huyo hakimu hakuhitaji kuhongwa na mtu. Mwajiri wake alikuwa ndiye mpokeaji wa faini, na hilo lilitosha. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilipunguza kiasi ambacho manispaa zinaweza kuvuna kutoka kwenye faini ndogondogo. Lakini namna ya kumpata hakimu mpaka leo inawekwa na sheria ndogo za manispaa yenyewe, na hapo ndipo wananchi wa Missouri walioanzisha mageuzi ya 1940 wangali na kazi ya kumalizia.