Mganga akienda semina, mtoto wako anafaidika nini?

“Mganga hayupo, yuko semina.” Mzazi aliyewahi kumbeba mtoto mwenye homa hadi zahanati akapokewa na kauli hiyo anajua inavyouma. Wengi huondoka wakinung’unika kwamba wahudumu wanafuata posho tu.

Lakini kabla ya kulaumu, jiulize: huyo anayemtibu mwanao alisoma mara ya mwisho lini?

Kwa wakazi wa Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iko jirani, Kivinje. Kwa familia za vijiji vya ndani wilayani Kilwa, daktari wa familia ni tabibu au nesi wa zahanati. Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu ya Kusini eneo la Somanga, magari yalikwama na safari za Dar es Salaam zikasimama. Siku kama hizo, mgonjwa hutegemea kile anachokijua mhudumu aliye karibu.

Tiba hazisimami

Chukua malaria. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ikaingia SP. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) likasisitiza mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa.

Kwa kuhara, tangu 2004 WHO na UNICEF wanashauri mtoto apewe ORS mpya pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchini 2018 kwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Aliyehitimu mwaka 2000 na kufunga daftari hapo angekuwa bado anaagiza klorokwini.

Somo la jirani zetu Rufiji

Faida ya mafunzo kazini imepimwa hapa hapa nchini. Kati ya 1997 na 2002, watafiti walilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako wahudumu walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, na wilaya za Kilombero na Ulanga ambazo hazikuwa na mafunzo hayo.

Katika wilaya zenye mafunzo, watoto walichunguzwa na kutibiwa vizuri zaidi. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Tofauti hiyo ya vifo peke yake haitoshi kuwa uthibitisho kamili, lakini ubora wa huduma ulionekana wazi.

Tatizo ni muda. Kozi kamili ya aina hiyo huchukua siku 11. Zahanati yenye tabibu mmoja ikimtoa kwa siku 11, nani anabaki? Ndiyo maana mafunzo yanayofanyika kituoni, mkufunzi akimfuata mhudumu, yana thamani kubwa vijijini. Simu nayo inasaidia, ingawa Mei 2024 hiyo hiyo nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki.

Kujiendeleza si hiari. Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamia pia matabibu chini ya sheria ya 2017, linataka mafunzo endelevu ili mtaalamu ahuishe leseni yake. Wauguzi wana baraza lao lenye utaratibu kama huo.

Nafasi ya mzazi

Hapa wazazi tunaweza kusaidia au kuharibu. Tabibu aliyefundishwa vizuri akikwambia mafua na kikohozi cha kawaida cha mwanao havihitaji antibayotiki, wengine husema “hajui kazi,” kisha hupitia duka la dawa kununua wenyewe. Semina nzima inapotea hapo.

Ishara za mhudumu anayekwenda na wakati ni hizi:

• Hupima malaria kabla ya kutoa dawa mseto.
• Mtoto akikohoa au kupumua kwa shida, hufunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni haraka kupita kawaida.
• Huuliza kama mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea sana. Ukiona mojawapo nyumbani, usisubiri; mpeleke kituoni mara moja.
• Hukueleza lini urudi.

Pia kila zahanati ya umma ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na tangu 2017/18 vituo hupokea sehemu ya fedha moja kwa moja. Kwenye mkutano wa kijiji uliza mambo mawili: mafunzo ya wahudumu yamo kwenye mpango wa mwaka huu? Na mganga akisafiri, nani anashika zamu? Mganga ana haki ya kwenda kusoma, na mtoto ana haki ya kumkuta mtu wa kumhudumia.