Kabla Hujalaumu Injini, Kagua Kifuniko cha Rejeta

Ukitoka Musoma kwenda Tarime, pale daraja la Kirumi linapovuka Mto Mara uko karibu na usawa wa Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya bahari. Tarime mjini ni takriban mita 1,500. Abiria anayesinzia haoni tofauti. Noah kuukuu iliyojaa watu na magunia inaiona: mshale wa joto unapanda, dereva anazima AC (kama bado inafanya kazi), na kabla ya kufika stendi mvuke unafuka kwenye boneti.

Gereji nyingi zina jibu moja: "Bosi, hiyo thamostati tunaitoa, huku kwetu haina kazi." Sijawahi kuipenda tiba hii. Thamostati hufunguka joto likifika nyuzi 80 na ushee, ili injini iwahi kupata moto wake wa kazi. Ikitolewa, asubuhi za baridi za Tarime injini haipati moto upesi, petroli inamiminwa zaidi, nayo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Na kama chanzo ni rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, gari litachemsha vilevile, limechelewa tu.

Anza na kifuniko cha rejeta, spea ya bei ndogo isiyopewa heshima. Tarime maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kifuniko kizima chenye namba 0.9 juu yake hubana presha mpaka maji yavumilie karibu nyuzi 115. Mpira ukikauka au springi ikilegea, kinga hiyo yote imekwisha. Subiri injini ipoe kabisa, fungua, bonyeza springi kwa kidole gumba, tazama kama mpira una nyufa. Kisha angalia rangi ya maji. Yakiwa ya kahawia ni kutu, mara nyingi kwa kuwa mwenye gari amezoea kujaza maji ya mto badala ya kulanti.

Upande wa Serengeti adui ni vumbi. Michomoko ya Mugumu, yaani magari madogo ya abiria, mingi ikiwa Probox za injini ya 1NZ-FE, cc 1,497, ni migumu kweli. Inatumia cheni, hakuna mkanda wa taiming wa kukatika. Ila hakuna injini inayosaga mchanga ikabaki salama. Gari likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, anza na filta ya hewa: ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, isiloweshwe petroli kama baadhi ya mafundi wafanyavyo. Hakikisha pia boksi lake linafunga sawasawa, maana filta mpya kwenye boksi lililopasuka ni hasara tupu. Moshi ukishakuwa wa bluu, ringi zimelika na gari linakula oili. Kupuliza filta hakutazirudisha.

Gari lililochemsha mara kadhaa lipimwe oili kwanza. Kijiti kikitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Usiliwashe. Hedi ifunguliwe, ipimwe kwa rula ya chuma, na ikiwa imepinda isawazishwe mashineni kabla gasketi mpya haijafungwa. Fundi akisema atabana nati tu, mwombe akurudishie ufunguo.