Goma: Kanisa ni la nani? Karatasi za udongo na mabati ya paa ni kazi ya wakristo wote

Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji wa Goma. Kati ya majengo ulioyaharibu kulikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Wakaaji wengi walivuka mpaka kukimbilia Gisenyi, inchini Rwanda. Waliporudi walikuta mawe meusi mahali pa nyumba, maduka na makanisa. Ilibidi kuanza upya: kuvunja mawe, kutafuta mbao, kuchanga.

Wakristo wengi hupenda kusema kwamba kanisa si nyumba, kanisa ni watu. Ni kweli. Lakini watu hao wanahitaji mahali pa kusali, kubatiza watoto, kufungisha ndoa na kulilia wafu wao. Mwaka 2021, mlima ulipowaka tena na mji kuhamishwa, makanisa ya Sake yalikuwa kati ya mahali ambapo wakimbizi walilala. Jengo la kanisa ni faida ya mtaa mzima, hata kwa wale wasiosali humo.

Basi, jengo hilo ni la nani?

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi kwamba udongo wote wa Congo ni mali ya serikali. Mtu au shirika hupewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni cheti cha uandikishaji, ambacho wengi mjini wanakiita sertifika. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie haitoshi. Tena, haki ya daima inapewa raia wa Congo kama mtu binafsi tu. Kanisa, kwa kuwa ni shirika, linapewa haki ya muda usiopita miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo inafaa kujulikana na wakristo wengi, si na mtu mmoja peke yake.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kuna makanisa yaliyoanzia kwenye parsele ya mtu mmoja, na karatasi zikabaki kwa jina la mchungaji. Wakristo wanachanga muda wa miaka: mfuko wa simenti leo, mabati kesho, kina mama wanabeba mchanga, vijana wanavunja mawe. Siku mchungaji anafariki, watoto wake wanakuja kudai urithi. Mbele ya tribinali, jina lililo kwenye cheti ndilo lenye nguvu. Sadaka za miaka 15 hazisomeki humo. Mara nyingi watoto hao hawana ubaya, wanadai tu kile ambacho karatasi inawapa.

Dawa ipo. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaruhusu shirika la dini kupata utambulisho wa kisheria, kisha kumiliki mali kwa jina lake lenyewe. Njia hiyo ni ndefu na inaomba feza, lakini kesi ya udongo inakula feza nyingi zaidi, na inagawanya wakristo.

Karatasi peke yake hazizuii mvua. Hapa Goma, moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unachanganyika na mvua na kula mabati haraka. Tundu dogo lisipozibwa, maji yanaozesha mbao, kisha ukuta unalegea. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la udongo lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda. Huko Rwanda, watu walikufa ndani ya kanisa lililowaangukia wakiwa katika ibada. Hakuna anayeweza kuzuia tetemeko, lakini ukuta wenye ufa unaonekana mbele, kwa yule anayeukagua.

Kazi hiyo haiombi msaada kutoka Ulaya. Kila shirika au kikundi kinaweza kupewa zamu yake: salongo mara moja kwa mwezi, kupanda juu ya paa mbele ya majira ya mvua, kusafisha mifereji. Mfuko wa matengenezo utengwe na sadaka ya kawaida, na hesabu zake zisomwe mbele ya wote. Mkristo anayejua franka zake zimenunua bati gani hachoki kutoa.

Jumapili hii, baada ya ibada, inafaa kuwauliza wazee wa kanisa maswali matatu kwa heshima: Karatasi zetu ziko kwa jina la nani? Zinaisha lini? Nani alipanda juu ya paa mara ya mwisho? Kanisa ambalo wazee wake wanajibu bila kusitasita, hilo ni la wakristo wake kweli.