Park Güell, Barcelona: Nani Alipe Kiingilio, Nani Atazame Kwingine

Hadi Oktoba 2013, Park Güell ilikuwa bustani ya umma ambayo yeyote aliingia bure. Leo ni miongoni mwa bustani chache za manispaa Ulaya ambazo mgeni hulipa ili aingie, tena si kidogo. Mwaka 2024 mtu mzima alilipa euro 10. Mwaka 2025 kiingilio kikapanda hadi euro 18, yaani kama shilingi 2,700 za Kenya, au zaidi ya shilingi 50,000 za Tanzania. Mtoto wa miaka 7 hadi 12 na mzee aliyetimiza miaka 65 hulipa euro 13.50. Mtoto wa miaka 6 au chini ni bure.

Msafiri anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hufika Barcelona akiwa tayari ameshalipa euro 90 za ombi la viza ya Schengen, mbali na nauli ya ndege na bima. Ana haki ya kuuliza kila euro inayofuata inanunua nini.

Unacholipia

Tajiri Eusebi Güell alimwita msanifu majengo Antoni Gaudí mwaka 1900 amjengee mtaa wa kifahari kwenye kilima, viwanja 60 katikati ya miti. Wanunuzi hawakuja. Kilima kilikuwa mbali na mji, usafiri ulikuwa wa shida na masharti ya ujenzi yalikuwa mazito. Kazi ikasimama mwaka 1914, nyumba za kuishi zilizosimama zikiwa mbili tu. Güell alifariki 1918, warithi wakaiuzia manispaa eneo lote mwaka 1922, na mwaka 1926 likafunguliwa kwa wananchi. UNESCO iliiweka bustani hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984.

Kwa hiyo unachokiona ni huduma za pamoja za mtaa ambao haukupata wakazi: lango, ngazi, soko, uwanja na barabara. Ukumbi wa nguzo 86 ulikusudiwa kuwa soko. Juu ya paa lake ndipo ulipo uwanja mkubwa uliozungushiwa benchi refu linalojipinda kama wimbi, kazi ambayo msaidizi wa Gaudí, Josep Maria Jujol, alishiriki kuipamba kwa vipande vya vigae na sahani zilizovunjika.

Ukifika hapo usiishie kupiga picha. Inama uutazame uwanja: ni mchanga, haujasakafiwa. Mvua inaponyesha, maji hupenya mchangani, yakachujwa, yakateremka ndani ya nguzo za ukumbi ulio chini, kisha yakakusanyika kwenye tangi kubwa lililochimbwa chini yake. Kutoka tangini humo maji yalipangwa kulisha chemchemi ya ngazi, ile yenye joka la vigae ambalo kila mgeni hupanga foleni kupiga nalo picha. Uwanja, paa, soko, bomba na chemchemi ni kitu kimoja. Anayetoka nchi ambako maji ya mvua hukingwa kwa mabati na mapipa ataielewa kazi hiyo haraka kuliko watalii wengi, na kwa maoni yangu hilo peke yake linastahili nusu ya kiingilio.

Nyumba aliyoishi Gaudí kuanzia 1906 imo ndani ya bustani, ila ina tiketi yake tofauti.

Bustani au basilika?

Wengi wana bajeti ya kuingia mahali pamoja tu pa Gaudí, na mshindani mkuu wa bustani ni basilika ya Sagrada Família. Tiketi yake ya kawaida mwaka 2025 ilikuwa euro 26, bila kupanda minara. Kwa watu wazima wawili hesabu ni nyepesi: bustani euro 36, basilika euro 52.

Kwa familia hesabu hubadilika. Chukua baba, mama, mtoto wa miaka 10 na mdogo wake wa miaka 5. Bustanini watalipa 18, 18 na 13.50, jumla euro 49.50. Kwenye basilika, watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi, hivyo jumla ni euro 52. Tofauti ni euro 2.50 tu. Familia ya namna hiyo isichague bustani kwa kudhani ni rahisi. Ichague kwa sababu watoto wanataka kukimbia na kupanda ngazi. Ikiwa mvua imetabiriwa au jua ni kali, basilika ina paa.

Nauli na kilima

Ni rahisi kusahau kilima mpaka miguu ianze kulalamika. Ukishuka kituo cha metro cha Lesseps, una kama dakika 20 za kutembea, nyingi zikiwa za kupanda. Kituo cha Vallcarca kina njia yenye ngazi za umeme, ingawa nayo haikuondolei mwinuko wote. Kwa mzee, mjamzito au mwenye mtoto mgongoni, basi namba 24 kutoka Plaça de Catalunya ndilo bora, maana hukushusha juu, karibu na lango la Carretera del Carmel.

Mwaka 2025 safari moja ya metro au basi iligharimu euro 2.65. Kadi ya T-casual ya safari 10 iliuzwa euro 12.55, yaani chini ya nusu bei kwa kila safari. Kadi hiyo ni ya mtu mmoja, hamwezi kuipokezana. Walio wanne wapige pia hesabu ya teksi, kwa kuwa nauli yake hugawanywa kwa wote.

Basi dogo namba 116 waachieni wenyeji. Mwaka 2024 njia hiyo iliondolewa kwenye ramani za Google baada ya wakazi, wazee hasa, kulalamika kwamba hawapati nafasi kwa wingi wa watalii.

Tiketi ununue wapi

Nunua kwenye tovuti rasmi ya bustani, mapema. Tiketi ina saa yake, na una nusu saa tu ya kuingia tangu saa hiyo. Ukishaingia unakaa upendavyo, lakini ukitoka hurudi. Mawakala huuza tiketi ileile kwa bei ya juu kwa kuibandika maneno ya kuvutia kama "bila foleni", hali kila mwenye tiketi ya mtandaoni huingia kwa saa yake. Mwongoza watalii ana thamani yake ikiwa unaifahamu lugha anayoitumia. Kama huifahamu, soma kidogo nyumbani na ubaki na fedha zako.

Wakazi wa Barcelona waliojisajili huingia bure, kama vile mbuga zetu zinavyomtofautisha mwenyeji na mgeni. Mswahili anayeishi na kufanya kazi mjini humo asikubali kulipa bei ya mtalii.

Gaudí wa bure

Mwenye mfuko mwepesi hakosi cha kuona. Kwenye bustani ya Ciutadella, isiyo na kiingilio, ipo chemchemi kubwa ya Josep Fontserè ambayo Gaudí alisaidia kuisanifu akiwa bado mwanafunzi. Taa za Plaça Reial za mwaka 1879 ni zake. Nyuso za majengo yake, Casa Batlló na Casa Milà, huonekana vizuri kutoka barabarani, Passeig de Gràcia. Wakatoliki wanaweza kusali misa ya kimataifa ndani ya Sagrada Família Jumapili saa 3 asubuhi bila malipo, wakiwahi nafasi. Nao waliotaka Park Güell kwa ajili ya kuutazama mji kutoka juu, mlima jirani wa Turó de la Rovira una mandhari pana zaidi, na ni bure.

Hukumu

Anayependa ujenzi, maji na ufundi wa mikono alipe euro 18 bila kusita, achukue saa ya kwanza ya asubuhi na ajipe nafasi ya kutosha. Familia yenye watoto wa chini ya miaka 11 na siku moja tu mjini iingie Sagrada Família. Anayetaka tu picha ya mji kutoka juu asilipe, apande Turó de la Rovira. Kwa yeyote atakayelipa, tiketi ni ile ya kawaida ya tovuti rasmi. Kinachozidi hapo kinamnufaisha muuzaji.